Vumbi la Vimondo Kwenye Pipa Letu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya kati, na elimu yake haikujua kukaa kimya. Miaka ile ya hamsini tulikuwa tumeoana karibuni, tukikaa mtaa wa Mabawa na mama yake mzazi. Jumapili moja alipanda ngazi, akakomba matope ya mlizamu uliokuwa ukiteremsha maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye pipa letu. Akayaanika, kisha akayapitishia sumaku. Tulipotazama kwa kioo cha kukuzia tukaona punje nyeusi za mviringo, mithili ya mbegu za mchicha.

"Nyingine ni masizi ya gari moshi," alisema, "lakini nyingine zimetoka mbinguni. Ni vumbi la vimondo."

Wallahi, laiti angenyamaza! Mama mkwe alikuwa akinywa maji ya pipa lile wakati huohuo. Akaweka kata chini.

"Mashetani wakidukiza siri za mbinguni hupigwa kwa vimondo. Leo mwanangu waninywesha mawe ya mashetani?"

Tangu hapo hakuyagusa, hata kwa udhu. Akawa anajikokota kisimani na goti lake bovu. Nikimtekea mimi, anashuku nimemchanganyia ya pipa. Mwisho akafunga furushi, akasema anakwenda zake Pangani kwa dada yake. Mume wangu alizidi kumweleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyoharibu.

Mimi nimelelewa na shangazi, mama yangu simjui. Mama huyu ndiye aliyenifundisha kupika mkate wa kumimina, ndiye aliyenikanda nilipougua homa. Nilimpenda. Nikiwaza kuamka asubuhi nisisikie kikohozi chake uani, machozi yalinitoka.

Nikamwuliza mume wangu vumbi hilo hupatwa na nini likishuka. Akasema huja kwa mbio zisizosemeka, lina pembepembe. Likikutana na hewa hushika moto, sehemu yake hugeuka mvuke na kupotelea hukohuko juu. Kinachobaki huyeyuka, hujikusanya kuwa tone, kisha hupoa na kuganda, na kushuka taratibu mpaka mapaani. Nikacheka, maana kwetu sisi mtungi wa maji ya kunywa haujazwi kabla ya kufukizwa, na jambo hilo nililiona kila Ijumaa.

"Mama, niazime chetezo."

Kilikuwa ndani ya furushi. Akalifungua, akanipa.

Nikatia makaa, nikachagua punje ya ubani yenye ncha, nikaiweka ukingoni ili isiungue upesi. Tukainama pamoja. Ncha zikalainika, zikapotea; moshi ukapanda, harufu ikajaa chumba. Kikabaki kitone cha mviringo. Nikakibandua kwa kisu, nikamtilia kiganjani kilipopoa.

"Na vumbi lile ni vivyo hivyo, mama. Limekwisha kufukizwa huko juu kabla halijatufikia."

Alikigeuzageuza kile kitone.

"Wanibembeleza, mwanangu."

"Nakubembeleza, mama. Usiende."

Akakohoa, akajipangusa macho kwa upindo wa kanga, akalaumu moshi. Kisha akaniagiza nimletee kata ya maji ya pipa. Akasema bismillahi, akanywa yote.

Chetezo hakikurudi furushini. Alikaa nasi masika mengi, hadi Mungu alipomchukua, na maji ya kumwoshea niliyateka mimi, kwenye pipa lile lile.