Mjomba na Gari Aliyotoa Msaada

Leo mjomba wangu ameenda mazishi kwa lifti ya gari yake mwenyewe.

Jameni, mnakumbuka ile gari nyeusi ya viti vya ngozi? Mwezi jana aliwapa kina mama wajane wa Rangwe. Aliweka tenti, akaita mpiga picha, akalia kidogo. Machozi yalikuja baada ya kamera kuwashwa, lakini tuwache hayo.

Sasa leo kulikuwa na mazishi kwa wakwe zake, karibu na Migori. Na mnajua vile mwanaume hufika kwa wakwe. Kwa boda? Heri ajifanye mgonjwa.

Tukaenda kwa Mama Akinyi, mwenyekiti wa wajane.

"Mama, nilikuwa naomba ile gari, ya leo tu."

"Gari yetu? Jaduong', mzee wangu, hiyo imebeba samaki, omena ya soko la Migori. Lakini tunapita huko huko. Ingia nyuma."

Mngekuwa nyinyi, mngeingia?

Yeye aliingia. Suti nyeusi katikati ya magunia. Mimi nilikaa mbele na kina mama nikikazia barabara macho, maana ningegeuka ningecheka.

Tulipofika, MC akapaza sauti: "Wapisheni kina mama wajane, wamekuja na gari yao!"

Wakapewa viti vya mbele, chini ya tenti. Mjomba alishuka mwisho akijipangusa magamba. Hakuna mkwe hata mmoja aliyegeuka.

Ni paka wa boma tu waliomtambua. Wamemsindikiza mpaka kaburini.