Mama Rhoda ni Yupi

Wifi yangu Zipora hakuwahi kunipenda sana, na mimi sikuwahi kumficha kwamba ugali wake ni mgumu. Lakini kaka yangu Masele alipokufa, alinipigia simu mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilipofika kijijini kwao Samuye nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, macho makavu. Hakunieleza habari za kaburi wala za wageni. Alisema, "Wifi, aliniambia ameniandika."

Masele alianzia kazi kwenye jinari, kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga, na huko ndiko alikokata bima ya maisha, mwaka tisini na nane. Hata kabla ya hapo dhahabu ilikuwa inamvuta; msimu wa pamba ukiisha, alikuwa kwenye machimbo ya Katoro. Baadaye akahamia huko moja kwa moja, akawa anashuka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya watu, nyumbani anaonekana msimu wa kulima na Krismasi. Vumbi la mwamba lilipokimaliza kifua chake akarudi Samuye, na Zipora akamuuguza miaka mitatu. Alimwogesha, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko. Kaka yangu alikuwa bahili wa maneno kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimeona watoto wagumu. Hakusema asante hata mara moja. Siku moja tu, Zipora akimfuta mdomo, alimwambia: "Kuna bima. Nimekuandika wewe."

Basi hilo ndilo alilobaki nalo. Bati la nyumba lilikuwa linavuja, ni kweli, na fedha ya bima ingetosha kuezeka upya. Lakini mtu asinidanganye kwamba Zipora alizunguka kote tulikokuja kuzunguka kwa ajili ya bati. Alitaka kuliona neno la Masele, limeandikwa.

Kwenye tawi la kampuni ya bima tulipokelewa na kijana mmoja mpole, ofisa Amosi. Alikwenda kutafuta faili, akarudi mlangoni akaita, "Mama Rhoda!" Zipora hakuitika. Nilimgusa kwa kiwiko ndipo akainuka. Nikadhani ni msiba, msiba huziba masikio.

Faili lilikuwa na mwandiko wa kaka yangu mwenyewe, herufi zimelalia upande mmoja kama siku zote. Mahali pa mnufaika aliandika: mke wangu, Mama Rhoda. Basi, hakuna jina la Zipora, hakuna jina la baba yake Zipora. Rhoda ni mama yetu mzazi, na binti wa kwanza wa Masele alirithi jina la bibi yake, kama ilivyo kawaida yetu. Tulitoa cheti cha kuzaliwa cha binti. Amosi akakigonga muhuri, akatupa pole, tukaenda kunywa chai na maandazi, na Zipora akanilipia.

Wiki iliyofuata Amosi akanipigia. Alianza na "shikamoo mwalimu", halafu akaniuliza kama nimekaa, nikajua kuna jambo.

"Kuna mama amekuja kutoka Katoro," akasema. "Naye ana cheti cha binti. Anaitwa Rhoda Masele. Amezaliwa kabla ya bima kukatwa."

Nilimtukana kaka yangu mbele ya ukuta wa jikoni kwangu, maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua. Alikuwa na mwanamke wa pili, na kwa yule naye akampa binti wa kwanza jina la mama yetu, maana mila ni mila hata kwa mwizi. Nilienda Samuye kumweleza Zipora nikiwa nimejiandaa kwa kilio. Hakulia. Wala hakuuliza ni mwanamke gani, mzuri au mbaya, kabila gani. Aliuliza, "Kwa hiyo alimwandika nani?"

Tulirudi kwa Amosi. Akatueleza kwa upole, na upole wake ulinichosha kuliko ukali. Siku hizi, alisema, mnufaika huandikwa majina yake kamili na namba ya kitambulisho. Bima ya marehemu ni ya zamani, ya kampuni iliyokufa na kununuliwa na nyingine, na mgogoro wake huamuliwa kwa taratibu za wakati ule. Amesikia kwa wakubwa zake kwamba msimamizi wa bima aliwahi kutoa waraka kuhusu wanaume wanaoandika wake zao kwa majina ya watoto, kwa sababu nchi nzima walikuwa wanaandika hivyo.

"Leta huo waraka tuusome," nikasema.

"Hatuna, mwalimu."

"Nani anao?"

"Labda makao makuu."

Makao makuu walituandikia kwamba nyaraka za miaka ile zilibaki kwa kampuni ya zamani. Ya zamani ilishakufa. Ofisi ya serikali inayosimamia bima ilijibu kwa heshima kubwa kwamba kumbukumbu zao zinaanza pale ofisi yao ilipoanza, na kabla ya hapo kazi ilifanywa na ofisi nyingine, ambayo nayo ilihama jengo. Mkutubi wa mahakama alituonyesha rafu ya vitabu vya sheria. Sheria zilikuwepo, na sheria zenyewe zilisema mambo madogo madogo yatatolewa kwa waraka, na hapo rafu ikaishia. Mpwa wangu alitafuta kwenye mtandao akaja na kanuni nzuri sana za miaka hii, zina nembo na rangi. Zipora alikuwa anakaa pembeni yangu kila mahali, pochi mapajani, akisikiliza Kiswahili cha maofisi ambacho nusu yake hakimfikii. Tukitoka nje huniuliza, "Wamesemaje?" Nami namjibu, "Wamesema twende kwingine."

Mtu mmoja akatuelekeza Ushirombo, kwa mzee Edward, mkaguzi wa bima wa zamani aliyestaafu akarudi kwao kulima. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Alifurahi kupita kiasi. Nadhani hakuna mtu aliyemuuliza habari za bima tangu astaafu.

"Huo waraka naukumbuka," akasema. "Karatasi yake ilikuwa ya rangi ya waridi."

"Ulisemaje, mzee?"

Akafikiri mpaka mahindi yakasahaulika mkononi. "Kurasa mbili," akasema. "Wa rangi ya waridi kabisa."

Nakala zake alizihifadhi kwenye sanduku, na sanduku mchwa walilimaliza. Nilitaka kucheka, nikamwona Zipora amekodolea macho zile punje, sikucheka. Tulipokuwa tunaaga ndipo mzee akakumbuka kwamba mawakala wote wa mkoa walipewa waraka ule, na wakala wa Shinyanga mjini wakati huo alikuwa Jafferali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Duka hilo liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Nimenunua misumari pale tangu nikiwa msichana.

Jafferali alishafariki. Duka linaendeshwa na mkwewe, Naznin, mwanamke wa umri wangu, mkavu wa maneno, asiyempunguzia bei hata padri. Nilimweleza shida yetu kaunta ikiwa imejaa mafundi. Alinisikiliza, akamwangalia Zipora, akasema, "Baba mkwe hakutupa karatasi. Alitutesa na karatasi zake. Nipeni muda." Muda ukawa mrefu, nikaanza kumsema vibaya. Kumbe kila Jumapili alikuwa anapekua stoo peke yake, boksi kwa boksi, na siku alipotuita mikono yake ilikuwa na vipele vya vumbi.

Karatasi ilikuwa imepauka, lakini rangi ya waridi ilionekana pembeni, penye mkunjo. Zipora aliishika kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya harusi yake, na nilikuwepo. Kabla sijavaa miwani alikuwa ameshamwomba Naznin aipige picha kurasa zote mbili na kumtumia Amosi. Ikaenda. Amosi akajibu hapo hapo: "Hongereni sana. Ndiyo wenyewe."

Ndipo nikaanza kuusoma. Ulikuwa wa Kiingereza, nikawa namtafsiria Zipora kifungu kwa kifungu, tumekaa juu ya mifuko ya saruji. Cha kwanza kilisema jina la mtoto linakubalika. Zipora akaitikia kwa kichwa. Cha pili kilisema wakijitokeza wanawake zaidi ya mmoja wenye mtoto wa jina hilo, mnufaika atakuwa yule ambaye mwenye bima, enzi za uhai wake, alizoea kumwita hivyo kwa kinywa chake, mbele ya watu. Waje mashahidi wawili waliosikia.

Zipora alisema, "Rudia."

Nikarudia. Katikati ya kurudia na mimi nikaelewa, nikavua miwani.

Kwetu Wasukuma jina la mzazi halitajwi. Mtoto hamtaji mama yake, mke hamtaji mama mkwe wake, na mjukuu aliyerithi jina huitwa kwa cheo cha mwenye jina. Binti wa Zipora aliitwa Bibi tangu anatambaa. Shuleni tu ndiko alikokuwa Rhoda. Na mama yake, kwa mumewe, kwangu, kwa majirani, kisimani, kanisani, alikuwa Mama Bibi. Tulizunguka mikoa miwili tunautafuta waraka huo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza utauliza nini.

"Kaka yako aliniitaje, wifi?" akaniuliza, kana kwamba labda mimi nilisikia siku ambayo yeye hakuwepo.

Njiani nilimwambia nitaapa. Nitasema nilisikia, basi, nani wa kunipinga. Hasira ilikuwa imenijaa na bado imenijaa. Zipora akasema, "Utaapa kwa jina la mama yako, kwamba lilitajwa uani kwake?" Nikaacha habari za kiapo. Nilitaka tuseme picha ile ilitumwa kwa makosa, lakini Amosi alikuwa ameshaipeleka kwa wakubwa, na wakubwa wakapanga siku ya kusikiliza mashahidi pale tawini.

Yule wa Katoro anaitwa Nelly. Si Msukuma, ametoka Bukoba, anauza dagaa na mchele sokoni, na kitambaa cha kichwani alikifunga vizuri kwa ajili ya siku ile. Alikuja na mashahidi wanne wakati waraka ulitaka wawili. Mmoja dereva wa bodaboda, wengine wenzake wa sokoni. Waliingia mmoja mmoja, na mlango haukuziba sauti. Wote walisema neno moja: Masele akipanda kutoka kwenye duara alikuwa anaita toka mbali, Mama Rhoda, maji ya kuoga. Kule hapakuwa na mama wala mkwe wa kuheshimiwa, ulimi ulikuwa huru.

Zipora akamsogelea kwenye benchi. Niliinuka nusu, nikidhani leo ndiyo leo. Alimsalimia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Alikuambia habari za bima?"

"Hapana, dada," Nelly akasema. "Mimi nilipigiwa simu tu na hawa. Namba yangu ilikuwa kwenye faili, aliwaachia ya kumpata yeye alipokuwa Katoro. Sikujua hata kama ana bima."

"Hakukuambia amekuandika?"

"Masele?" Nelly akacheka kidogo, kwa uchungu. "Masele alikuwa anasema kitu?"

Zipora alirudi akakaa karibu yangu. Alivuta pumzi ndefu, akashika mkono wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mimi pia nilikuwa nimeelewa. Ndimi zetu zimefungwa, lakini kalamu haikufungwa. Kaka yangu angeweza kuandika lile ambalo uani kwetu hakuweza kulitamka, na aliandika: mke wangu. Kisha akamwambia mmoja tu, Zipora.

Nikaitwa ndani. Nilimweleza Amosi yote hayo, mila na kila kitu, nikigonga meza yake kama ubao wa darasani. Hakunikatiza.

"Mwalimu, naelewa," akasema. "Mimi ni mtoto wa Kahama. Hata kwetu bibi hatajwi. Lakini waraka unauliza kilichosikika. Ulimsikia marehemu akimwita Mama Rhoda?"

"Sikumsikia."

"Alimwitaje?"

"Mama Bibi."

Akaandika. Aliandika pole pole, na nilisoma maneno juu chini kutoka upande wangu wa meza: anayejulikana kwa jina la Mama Bibi hahusiki na madai haya. Zipora akaletewa kalamu, akasaini pale alipoonyeshwa. Nelly naye akasaini pake. Aliangalia chini muda wote, na wakati wa kutoka akasema atatuma kitu kidogo cha watoto. Zipora akamshukuru. Sijui kama alituma, na sitauliza.

Nje tulikaa kwenye ngazi, jua la mchana limetupiga sote. Nilikuwa bado nasema peke yangu, juu ya waraka, juu ya Masele, juu ya mzee Edward na waridi yake. Zipora akanikatiza.

"Niite wewe," akasema.

"Nikuiteje?"

"Alivyoniandika. Mara moja tu, nisikie linavyokaa."

Hapakuwa na mtu karibu. Mama yetu amelala kaburini Samuye mwaka wa sita huu, hasikii kitu. Mimi ni mtu niliyesoma, na jina lenyewe nimeliandika humu tangu mwanzo bila wasiwasi. Nilifungua mdomo. Nilijaribu, Mungu ananiona, nikajaribu tena, jina halikutoka. Zipora alisubiri, uso ameuelekeza kwangu, mpaka mwenyewe akaona haiwezekani.

"Mama Bibi," nikamwambia, "twende nyumbani."

Akaitika, "Abee," akainuka.