Alama za Moto Kwenye Mbavu

Siku hizi mtoto akipiga chafya tu, mama yake hutangaza kwa majirani kwamba ana nimonia. Hasira hunipanda. Chafya si nimonia. Andika hivyo, mjukuu wangu, wala usinilainishie maneno.

Katika miaka ya tisini, msimu mmoja mvua ilikataa kuondoka hadi kwato za mbuzi zikaoza. Tulikuwa tumehamia karibu na Balambala, na nyumba zetu za mikeka, zilizojengwa kwa ajili ya jua, zilivuja kila upande. Watu wa nchi ya joto hawana nguo za baridi. Binti yangu alikuwa na mtoto wa kike, bado hajajua kutambaa, na baridi ile ilimpata.

Ilianza kwa hargab, yaani mafua: makamasi mepesi, macho yenye machozi. Tukampaka samli. Kisha kikohozi kikashuka kifuani, homa ikapanda, mtoto akawa anapumua kwa tumbo, matundu ya pua yakitanuka kama ya punda aliyekimbizwa. Kila alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilididimia ndani. Akakataa kunyonya. Ugonjwa huo sisi tunauita oof-wareen, mkuki wa mbavuni, na dawa yake kwa desturi ilikuwa moto. Akaitwa mzee wa ukoo, akapasha ncha ya kijiti ikawa nyekundu, akamgusa mtoto mbavuni, kulia na kushoto. Mtoto alilia kidogo sana. Kilio kile kidogo ndicho kilichonitia hofu. Kulipokucha nilimpakia binti yangu na mtoto wake kwenye mkokoteni wa punda, tukaenda zahanati.

Tulikaa kwenye foleni mpaka jua likawa juu ya vichwa. Tabibu alikuwa kijana aliyetoka mikoa ya chini, mgeni wa desturi zetu. Alimvua mtoto shuka, akaona vidonda vya moto, na tangu hapo hakuona kitu kingine.

"Nani amemchoma mtoto huyu?"

"Mgonjwa ni kifua, daktari," nilisema.

"Nimeuliza nani amemchoma! Mama, ninyi mtaacha lini unyama huu?"

Aliwaita hata waliokuwa nje waje kutazama. Binti yangu akajifunika uso kwa mtandio. Tabibu akapaka malhamu kwenye vidonda, polepole na kwa uangalifu, huku akitukaripia, na mtoto akihema mbele yake. Kisha akaita, "Anayefuata!"

Sikuinuka.

"Mama, nimemaliza."

"Hujaanza. Kidonda hakikohoi."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. "Daktari, mhudumie huyo upesi. Sisi tunamjua, hata ngamia wake humtii kwa kuogopa ulimi."

"Na wewe, eeddo, zamu yako itafika," nilimjibu, nikimwita shangazi kwa lugha yetu, "ukiwa na subira na meno machache zaidi ya kuonyesha."

Watu wakacheka, tabibu naye akatabasamu, na tabasamu lile liliniudhi kuliko makaripio yake. Mtoto alikuwa ameanza kuwa na rangi ya majivu midomoni. Basi nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe. Mimi, ambaye sijawahi kumpa mkono mwanamume asiye maharimu yangu, nilizungusha ncha ya mtandio kiganjani, nikamshika kifundo cha mkono, nikauweka mkono wake chini ya mbavu za mtoto.

"Hapa," nilimwambia. "Acha moto. Hapa."

Mkono wake ulikaa pale. Nikaona uso wake ukibadilika. Akachukua kile chombo chake cha kusikilizia kifua, akainama, na aliposimama hakuwa tena na maneno ya kutukaripia.

"Nimonia," alisema. "Kali. Kwa nini hamkuja mapema?"

"Tumekuwa mlangoni kwako tangu asubuhi."

Alimdunga sindano, akaagiza alale pale pale. Binti yangu alimshikilia mtoto wima kifuani usiku kucha na usiku uliofuata, maana akilazwa alikosa pumzi. Hakuna aliyempokea, mimi mwenyewe alinikatalia. Siku mtoto aliponyonya tena, binti yangu alilala akiwa ameketi, mdomo wazi.

Tulipoondoka tabibu akaniambia, kwa adabu sasa, "Mama, msimchome tena."

"Nawe, mwanangu, tazama kwanza, ugombe baadaye."

Tulipofika nyumbani tulimkuta mzee wa kijiti akitungoja, amefurahi mno. "Alhamdulillahi, moto wangu umejibu," alisema, na akadai kondoo dume wa shukrani. Kule tabibu alijisifia sindano yake, huku huyu akajisifia moto wake, na binti yangu, ambaye mikono yake ilikuwa imevimba kwa kumshika mtoto, hakuna aliyemuuliza hata kama amekula.

Nilimpa mzee chai, kwa kuwa ni mgeni na ni mkubwa wangu. Kondoo sikumpa. Na alipomsikia mtoto wa jirani akikohoa, akanyoosha mkono kwenye jiko akachomoa kijiti, nilimtangulia. Niliinua nguo ya yule mtoto, nikatazama chini ya mbavu zake. Nyama haikudidimia.

"Huyu ana mafua," nilisema. "Mpeni maziwa ya moto, mumfunike."

"Tangu lini umekuwa daktari?" mzee aliuliza kwa kejeli.

Nilikitoa kijiti mkononi mwake, nikakisukuma chini ya birika, chai ya binti yangu ichemke.