Utafiti Uliofunga Kliniki ya Vichwa

Saa tatu asubuhi, mvua ya Machi inalipiga bati la hospitali moja ya misheni nje ya Bariadi. Dk. Domitila Luhaga anazungusha futi ya fundi cherehani kwenye kichwa cha mtoto. Anaisoma, anapima tena, kisha anasonya.

"Mwangaluka, mayu," anamwambia mama kwa Kisukuma, akikumbuka kwamba hajamsalimia. "Kichwa kimeanza kuvimba lini?"

"Kabla ya Krismasi," anajibu Sayi Nyanda, mkulima wa pamba kutoka Nkoma. "Tulikuja mwezi wa kwanza. Tukaambiwa daktari wa vichwa anakuja wakati wa kuuza pamba tu. Turudi mwezi wa saba."

Daktari anamgeukia mwandishi wa makala haya. "Umesikia? Andika hivyo hivyo!"

Mzaliwa huyu wa Mkula ni mpasuaji wa vichwa vya watoto. Hupitisha mrija mwembamba chini ya ngozi, ili maji yaliyojaa kichwani yateremke tumboni. Wagonjwa walipoanza kutozwa ada, miaka minne iliyopita, aliona wodi yake inajaa kila baada ya pamba kuuzwa. Kwenye mkutano wa madaktari, wageni walidhani wingi huo unaletwa na vijidudu vya kiangazi. Vijidudu gani! Yeye alizunguka vijijini akiuliza, akaandika kwamba wazazi wanamsubiri mnunuzi wa pamba wapate ada, ndipo wamlete mtoto, na maji hayasubiri.

Andiko hilo linafundishwa mpaka vyuo vya nje. Wenye ofisi nao walilisoma. Wakaona wagonjwa wengi ni wa Julai hadi Septemba, wakafuta kliniki yake hapa kwa miezi mingine yote. Eti kubana matumizi.

"Nilisema waondoe ada, watoto waje mapema. Wakaniondoa mimi!" anafoka. "Tena wakaandika, 'kwa mujibu wa utafiti wa Dk. Luhaga.' Hivi watu hawa wamesomea wapi?"

Leo yuko hapa kwa likizo yake na nauli yake. Mganga mfawidhi, Joakim Masunga, amemfungulia chumba cha upasuaji bila kibali cha mtu. "Wakitaka wanifukuze," anasema.

Daktari anamulika tochi machoni mwa mtoto. Anaipeleka kulia, kushoto. Macho hayaifuati.

"Atapona?" anauliza Sayi.

"Ataishi, mayu. Kuona, hataona tena. Tungemfanyia mwezi wa kwanza, labda."

"Nilikuja mwezi wa kwanza."

"Najua. Ulikuja." Anageuka kunawa mikono.

Mchana, baada ya upasuaji, mtoto huyo, Malimi, amelala na bandeji kichwani, anapumua vizuri. Dk. Domitila anasema atarudi kila mwezi, wapende wasipende, na ameshaanza andiko jingine, la watoto waliorudishwa nyumbani.

"Safari hii sitoi hesabu za miezi, maana wanazigeuza. Naweka majina. Wa kwanza ni Malimi," anasema. "Mama yake ameniruhusu. Kasema jina niliandike kwa herufi kubwa."