Breki ya Dada Pazia iko mkononi

Saa mbili asubuhi. Gari dogo la rangi ya maziwa linaingia taratibu kwenye uwanja wa nyumba mpya ambayo bado inanuka rangi. Upande mmoja kuna rundo la mchanga. Upande wa pili limeegeshwa lori la matofali, limekaa shaghalabaghala kama lililotupwa. Katikati imebaki nafasi ambayo dereva wa lori anaitazama na kutikisa kichwa.

Gari dogo linasogea mbele, linakata usukani, linaingia kinyumenyume kwenye nafasi ile ile na kuzimwa.

Mlango unafunguliwa. Yanatoka kwanza magongo mawili. Kisha unatoka mguu mmoja, umebebwa kwa mkono, halafu wa pili. Mwisho anasimama mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na penseli iliyochomekwa kwenye nywele.

"Mama, ulikuwa unaendesha wewe?" dereva wa lori anauliza.

"Kwani unamwona nani mwingine?" anajibu, kisha anamgeukia mwenye nyumba. "Habari za asubuhi. Haya, nionyeshe madirisha."

Karibu kila anayemjua humwita Dada Pazia, wakiwemo watoto wa mtaani kwake ambao kwa umri wangepaswa kumwita shangazi. Ana miaka arobaini na mmoja. Polio ilimpata akiwa na miaka mitatu, ikaondoka na nguvu za miguu yote miwili. Ushonaji alijifunza kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. "Ile ya kukanyaga haikunihusu," anasema, na anacheka kabla hujaamua kama ucheke ama la.

Kazi yake ni mapazia. Hashoni magauni, wala sare, wala mito. Na hakubali kupimiwa dirisha na mtu mwingine.

"Watu hudhani pazia ni kitambaa na ringi," anasema, futi ikiwa imenyooshwa juu ya fremu. "Pazia ni kipimo. Ukikosea vidole viwili tu, linaning'inia kama suruali ya kuazima. Na mteja akipima mwenyewe, anapima dirisha analolitamani, siyo alilonalo."

Kwa hiyo lazima afike. Na kufika, kwa miaka mingi, ndiko kulikomla.

Alikuwa akipanda pikipiki za kukodi. Magongo yalifungwa ubavuni kwa mpira, na jora la kitambaa likakaa kati yake na dereva kama abiria wa tatu. Teksi zilimtoza mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara ya pili kwa ajili ya mzigo. Anakadiria kwamba theluthi ya alichokipata iliishia barabarani.

Siku iliyombadilisha haikuwa na ajali. Ilikuwa na mvua tu.

Alikuwa anapeleka mapazia meupe kwa mteja aliyekuwa na ugeni jioni ile. Mvua ilipoanza kumwagika, dereva wa pikipiki alimshusha kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akasema anarudi sasa hivi, na hakurudi. Dada Pazia akaketi juu ya mzigo wake ili usiloe. Akampigia simu kaka yake mkubwa, mtunza ghala wa kiwanda cha sabuni, mwenye gari kubwa jeusi.

"Nakuja, mdogo wangu," kaka akasema.

Alifika jua likiwa limeshazama. Gari lilikuwa limemzimikia njiani, kama kawaida yake. Yule mteja alikuwa ameshapiga simu mara nne, na ya mwisho ilikuwa ya kusema asihangaike tena. Kaka, naye amechoka na ameloa, akatamka neno ambalo Dada Pazia analikumbuka mpaka leo.

"Kwani lazima uzunguke? Si ukae nyumbani, wateja wakufuate?"

"Nilijua hakusema kwa ubaya," anasimulia. "Lakini usiku ule nililala na lile neno, na asubuhi nikaamka nalo. Nikasema, basi. Nanunua gari."

Aliweka akiba kwa miaka mitatu kupitia kikundi cha akina mama wanaochangishana kila mwezi. Hakutaka mkopo. Bei ya gari alilolilenga ilikuwa kama faida ya mapazia ya nyumba themanini, na nyumba zote themanini alizishonea.

Pesa zilipotimia, alimwomba kaka amsindikize kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Kaka alivaa koti. Akaenda moja kwa moja kwenye gari refu lenye magurudumu mapana, akalipigapiga boneti kama anampongeza ng'ombe.

"Hili ndilo gari. Ukipita, watu wanajua mtu amepita."

Dada Pazia alijaribu kupanda. Kiti kilikuwa juu ya kiuno chake. Alishika mlango, akajivuta, akateleza, akajivuta tena. Muuzaji alisogea, akamwambia kaka, siyo yeye, "Usijali mzee, shemeji atakaa nyuma, nyuma pana nafasi."

"Mimi siyo shemeji yako," Dada Pazia akamwambia. "Na pesa ninazo mimi. Ongea na mimi."

Muuzaji akaomba radhi. Tangu hapo, anasema Dada Pazia, alikuwa mtu mwema kweli kweli, maana watu wengine wanahitaji tu kugeuzwa shingo.

Alipita kwenye yadi ile gari baada ya gari, akifungua milango na kuketi. Hakuuliza rangi wala redio. Alitaka kujua kama anaweza kuingia bila kushikwa, kuinua miguu yake mwenyewe, kupitisha magongo mbele ya kifua na kuyalaza kiti cha pili, kisha kufunga mlango. Magari makubwa yalikuwa juu mno. Mengine yalikuwa chini mno, ukizama hutoki.

Mwisho akafika kwenye kigari kimoja kilichosukumwa pembeni, cha milango mitano, injini ndogo, gia otomatiki. Akaketi. Miguu ikaingia. Magongo yakaingia. Mkono ukafika kila mahali.

"Hili," akasema.

Kaka alilizunguka kama anayetafuta nusu yake nyingine. "Mdogo wangu, hili ukipiga chafya linahama."

"Basi nitapiga chafya likielekea ninakokwenda."

Muuzaji alicheka mpaka akajifuta macho. Kaka hakucheka. Nyumbani alimweleza mama yao kwamba binti yake amenunua kiberiti, na mbaya zaidi anataka kukiendesha mwenyewe. Alikuwa amejipanga kutafuta dereva wa kulipwa. Hofu yake ilikuwa ya kweli.

"Breki ni mguu, mama. Akikutana na mtoto barabarani atafanyaje?"

Mama yao, mjane aliyestaafu kazi ya usafi hospitalini, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Alipokuwa na miaka minne tulimkuta juu ya ngazi ya paa. Hakuna aliyembeba. Muulize yeye atafanyaje, usiniulize mimi."

Jibu lilikuwa kwa fundi anayejulikana kwa jina la Spana, mwenye gereji ndogo nyuma ya soko la mbao. Spana alikuwa amewahi kuona gari la kuendeshwa kwa mikono mitupu mara moja tu, akiwa bado mwanafunzi wa ufundi. Alimketisha Dada Pazia kwenye gari, akapima mikono yake kama yeye anavyopima madirisha, akaenda kuchomelea.

Alichotengeneza ni mkono wa chuma unaotokea chini ya usukani na kuungana na vyuma viwili vinavyoshuka mpaka kwenye kanyagio la mafuta na la breki. Ukiuvuta kuelekea kwako, gari linakwenda. Ukiusukuma mbele, linasimama. Kwenye usukani aliweka kishikio cha mviringo ili mkono wa pili uweze kuuzungusha peke yake.

"Nilimfungia kifaa mara ya kwanza, nikakifungua chote," anasema Spana. "Breki ilikuwa inashika, lakini kwa kuchelewa. Nikamwambia, dada, hiki siwezi kukuachia. Alikasirika, akaondoka hata bila kuaga. Aliporudi nilikuwa nimeshakirekebisha, nikamwambia sasa sukuma. Akasukuma. Paji langu la uso nusura lipasue kioo."

Mazoezi aliyafanyia kwenye uwanja wa mpira wa shule, siku za mapumziko, na mwalimu wa udereva aliyekubali baada ya kuona breki ile kwa macho yake. Wiki za mwanzo alichanganya kuvuta na kusukuma. Siku ya mtihani alichanganya tena, akaliangusha pipa la mazoezi na kulisukumia mtaroni.

"Mkaguzi aliniangalia kwa huruma," anasema. "Huruma ndiyo iliyoniudhi, siyo pipa. Mtu mwenye miguu akiangusha pipa anaambiwa kajifunze. Mimi niliambiwa, pole mama, angalau umejaribu. Nikamwambia, mzee, na mimi niambie nikajifunze."

Akaambiwa. Akajifunza. Mara ya pili, katikati ya mtihani, mwendesha baiskeli aliwakatia mbele bila kutazama. Dada Pazia alisukuma. Gari likasimama palepale, na kofia ya mkaguzi ikamwangukia mapajani. Mkaguzi aliiokota, akaivaa vizuri, akasema, "Endelea mbele, dereva."

"Hakuna aliyewahi kuniita hivyo," anasema. Halafu anamwomba mwenye nyumba amshikie ncha ya futi upande wa pili.

Majirani walilipa gari jina la Sabuni, kwa umbo lake, na yeye hakuona ubaya. Sabuni halili mafuta. Mabomba ya kutundikia mapazia hulazwa kuanzia dashibodi mpaka kioo cha nyuma, majora husimama kwenye kiti cha abiria yakiwa yamefungwa mkanda, na drili hukaa miguuni. Usafiri sasa humlia sehemu ndogo tu ya mapato, na nyumba anazozihudumia kwa mwezi zimeongezeka karibu maradufu. Ameajiri wanawake wawili wa kumsaidia kushona.

Aliyebaki na shaka alikuwa kaka. Kwa miezi kadhaa hakupanda gari lile. Akialikwa alisema ana haraka, kisha akaondoka na gari lake kubwa, lifike au lisifike.

Kisha ikafika siku ya mama yao kufanyiwa upasuaji wa jicho. Miadi ilikuwa imesubiriwa kwa muda mrefu, na kuikosa kulimaanisha kuanza foleni upya. Kaka ndiye aliyetakiwa kumpeleka. Alimchukua mama nyumbani mapema, na hawakufika hata nusu ya njia, gari jeusi likatoa moshi na kunyamaza.

Kaka alifungua boneti, akaifunga. Akaangalia saa. Akamwangalia mama, aliyeketi na mkoba wake mapajani. Akapiga simu.

"Mdogo wangu," akasema.

"Mko wapi?"

Dada Pazia alifika, mama akahamishiwa mbele, kaka akajikunja nyuma kati ya majora mawili yaliyotolewa kiti cha mbele, magoti yakigusa kidevu. Barabara ilikuwa imejaa. Kwenye makutano lori lilichomoka upande wa kushoto, kaka akapiga kelele, na kabla hajaimaliza gari lilikuwa limeshasimama, tulivu, kiti cha mama hakikutikisika sana.

"Umeona?" mama akauliza, japokuwa mwenye tatizo la kuona alikuwa yeye.

"Nimeona, mama," kaka akajibu.

Walifika jina la mama likiwa linaitwa. Wakiwa wamekaa kwenye benchi la korido kusubiri, kaka akasema, "Siku ile ya mvua nilikwambia ukae nyumbani."

"Ulisema."

"Nilikosea."

"Ndiyo, kaka. Ulikosea." Kisha akamgusa bega. "Nenda katuletee chai."

Leo mtunza ghala yule ndiye mpiga debe mkubwa wa dada yake. Spana anasema watu watatu wameshafika gereji kuulizia mkono wa chuma, na wawili kati yao walielekezwa na mtu mmoja wa kiwanda cha sabuni, anayeongea sana.

Dada Pazia amemaliza kupima. Ana madirisha kumi na moja kichwani na kwenye karatasi, na ameshamshauri mwenye nyumba aachane na kitambaa chekundu cha sebuleni, kitamfanya aonekane ana homa. Sasa ameketi nyuma ya usukani, mlango wazi, anakunywa maji.

Ana mpango, na anauongelea kama jambo lililokwishaanza. Kuna nyumba ya wageni inajengwa katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa gari, yenye vyumba arobaini. Hajawahi kufanya kazi nje ya mji huu. Hajawahi kulala ugenini kwa ajili ya kazi. Akiipata, atafungua chumba cha kushonea huko huko na kuajiri wengine wanne.

Simu inaita. Anaiangalia, anamwonyesha mwandishi wa habari hii kidole cha kuomba kimya, anaiweka kwenye spika. Ni msimamizi wa ujenzi wa nyumba ile ya wageni. Wamependa bei yake, anasema, na wangependa aje Jumatatu aone vyumba. Kisha sauti inapungua kidogo, inakuwa ya uangalifu.

"Tumeelezwa hali yako, mama. Kwa hiyo tulikuwa tunafikiria tukutumie gari na dereva aje kukuchukua."

Dada Pazia anafunga kizibo cha chupa. Anainua mguu wa kwanza, anauingiza. Anainua wa pili.

"Asanteni sana," anasema, akivuta mlango. "Gari ninalo, na dereva yupo. Nyie nitumieni ramani."