Kiti Kilichobaki Wazi Chini

Jirani yangu, fundi makochi, ana tabia moja inayonitia wazimu: hashoni kitambaa cha chini mpaka mwenye kochi aje, apige magoti, achungulie mbao na sponji kwa macho yake. Watu wamembandika jina la Chungulia. Wateja wengine hununa. Nani anataka kupiga magoti na suruali ya kazini? Lakini yeye haambiliki.

Zamani alifanya kazi na kaka yake, karakana moja, wakila sahani moja. Kaka alikuwa akimwamuru ajaze maboksi na matambara mahali pa sponji, naye akijaza. Siku moja mteja akauliza, "Humu ndani kuna nini?" Chungulia akamwambia ukweli, kaka yake akiwa pale pale. Habari zikaenea, karakana ikafa. Kaka akasema, "Umenivua nguo hadharani," na tangu hapo hawasemeshani. Ndugu wote wakamfuata mkubwa wao. Kwenye misiba Chungulia hukaa pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba.

Niliwahi kumgombeza. "Si ungemung'unya maneno tu, yakaisha?"

"Ningemung'unya vipi, jirani, na mikono iliyojaza ni hii hii?"

Basi majuzi mtu wa mkokoteni akaleta oda ya kiti kimoja, mgongo mrefu, cha mtu anayeumwa kiuno. Alipoulizwa cha nani, akajiumauma, mwishowe akamtaja yule kaka wa Chungulia.

Jamani, furaha ile! Mbao alizichagua kama mtu anayechagua mchumba. Alipomaliza akafagia kibaraza, akaja kwangu kuazima vikombe viwili. Kiti kikakaa pale, chini wazi.

"Lazima aje," akaniambia. "Anajua sishoni bila mwenyewe."

Leo asubuhi mtu wa mkokoteni amerudi, peke yake.

"Mwenyewe yuko wapi?" Chungulia akamuuliza, akichungulia barabarani nyuma yake.

"Haji. Amesema ushone tu. Nikamwambia, huyu fundi hashoni mpaka ukague. Akasema, 'Wa kukaguliwa ni wengine. Yule namjua.'"

Chungulia alitaka kutabasamu, uso ukakataa. Roho iliniuma, nikajifanya naanika nguo. Akachukua sindano, akakipindua kiti. Kisha akapiga magoti yeye, akachungulia pembe zote kwa niaba ya kaka yake, akaanza kushona.