Mitaro Kwenye Njia ya Lori

Mvua za Novemba zilipokosekana kwa mara ya pili, nilikuwa nimebakiza wiki chache nithibitishwe kazini. Nilikuwa karani wa stoo katika kinu cha pamba upande wa Tawa, nimetoka chuo kikuu juzi tu. Mama alikuwa ameshatangaza kazi yangu kanisani, kanisa zima likashukuru. Kuipoteza ni jambo ambalo sikuthubutu hata kulitamka.

Kisha meneja akaamua kwamba mafuta ya boila yamekuwa ghali. Kuanzia Jumatatu tungechoma kuni, na kuni zingetoka kilima cha nyuma ya kinu, ndicho pekee kilichokuwa bado na miti. Kijito chetu kilianzia chini yake.

Tawi la chama cha wafanyakazi likakutana ghalani, tumekaa juu ya marobota ya pamba. Mimi nilijiunga na chama kwa sababu niliogopa kukataa. Nilizoea kukisikia kikidai mishahara na buti, lakini siku hiyo hakuna aliyetaja mshahara.

"Tukikata kile kilima tumejifukuzia mvua," alisema mwenyekiti, mzee aliyewasha boila kila asubuhi. "Pamba isipoota, kinu kitachambua nini? Mawe?"

"Tugome!"

"Goma wewe, ulale rumande," akajibu mama mmoja wa kupanga pamba. "Sisi tuitishe mwethya Jumamosi."

Watu wakacheka, halafu wakaelewa. Mwethya ni kazi ya pamoja: leo shamba lako, kesho langu. Na chifu mwenyewe, kila baraza, alitusukuma tuchimbe mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Nani angeshtakiwa kwa kumtii chifu? Ajabu ni kwamba mahali palipolika zaidi ni pale mteremkoni, ambapo lori la kuni lingepita.

Yule mama akanigeukia. "Na wewe wa digrii, utakuja ama utatuchungulia dirishani?"

"Nitakuja, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu, nikajuta kabla sijafunga mdomo.

Ijumaa nzima nilitafuta sababu ya kutokwenda. Nilifikiria malaria. Nilifikiria msiba wa mjomba, lakini mjomba alikuwa kwenye mwethya huohuo. Asiyefika hukumbukwa siku yake ya shida. Anayefika naye huonekana, na meneja alikuwa na macho.

Jumamosi nilishika jembe katikati ya mstari, nikidhani hapo sitaonekana. Wanawake waliimba, udongo ukarushwa upande wa juu, na mtaro wa kwanza ukaikata njia kama kisu. Tulikuwa kwenye wa tatu lori lilipofika. Meneja alishuka, akatuangalia mmoja mmoja, akasimama kwangu.

"Wewe umesoma. Hebu niambie, hii ni nini?"

Nilitafuta jibu ambalo lingempendeza kila mtu, nikaokota la chifu.

"Ni mwethya, bwana. Chifu amesema udongo usiende."

"Chama cha wafanyakazi ama chama cha miti?"

Nikainama, nikaendelea kuchimba.

"Jumatatu uje ofisini," akasema. Lori likarudi kinyumenyume hadi barabarani.

Jumatatu nilivaa shati langu la mahojiano. Meneja hakunikaribisha kiti.

"Toa vitu vyako stoo," alianza, kisha akageukia dirisha. Bomba la moshi la boila lilikuwa tupu. "Mbona hakuna moshi?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Boila iko tayari, bwana. Inamngoja karani wa stoo atoe mafuta."

"Mafuta? Nilisema kuni."

"Njia ya kuni ina mitaro ya chifu. Na stoo haina karani mwingine."

Nje, wakulima walikuwa wakishusha pamba kutoka kwenye mikokoteni. Meneja aliwatazama, akihesabu mikokoteni. Mimi nilitazama viatu vyangu, vilivyokuwa bado na udongo mwekundu kwenye nyuzi.

"Mpe mafuta," akaniambia mwishowe, bila kugeuka.

Nilithibitishwa mwezi uliofuata, boila ikiwa bado inachoma mafuta. Mpaka leo, moshi wa kinu ukichelewa asubuhi, mimi husimama kwanza nikatazama kilimani kama miti ipo.